Namna ya Kufundisha Uhusiano wa Virusi vya Homa ya Ini na RNA Ndogo kwa Kamba, Vibanio na Herufi 22

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, hapa Mtwara, aliniuliza swali lililonifanya niufute ubao na kulianza upya somo zima. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwamba virusi vya homa ya ini aina C hustawi kwa kutumia RNA ndogo, yaani uzi mfupi wa herufi za kikemia, inayotengenezwa na seli za ini zenyewe, naye akasimama akasema: "Mwalimu, ini linakubalije kumfuga anayeliua?" Nilijaribu kumjibu kwa lugha tuliyoizoea madarasani, ya kinga kuwa askari na virusi kuwa adui, lakini kila nilivyozidi kueleza ndivyo jibu lilivyozidi kuharibika, kwa sababu katika habari hii askari na adui hawamo. Zilizomo ni herufi zinazolingana na herufi, na mahali zinapokutania. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifundisha somo hili kwa kamba, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa biolojia na wakufunzi wa vyuo vya afya wa Mtwara na Lindi, ambao wana ubao, chaki na wanafunzi wenye hamu, lakini hawana maabara ya jeni. Tenga vipindi viwili vya dakika 80.

Vifaa na kipimo

Nunua mita 15 za kamba nyembamba ya nailoni, ile wanayoitumia wavuvi wetu wa Mikindani na Msangamkuu. Ongeza uzi mwekundu wa sufi, vibanio vya nguo kumi, mkasi, kiberiti, kalamu ya wino mzito na futi ya fundi cherehani. Kipimo chetu ni rahisi: milimita moja ya kamba ni nukleotidi moja, yaani herufi moja ya RNA au ya DNA.

Kwa kipimo hicho, jenomu (yaani maelekezo yote ya urithi) ya virusi vya homa ya ini aina C, ambayo ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 9,600, inakuwa kamba ya mita 9 na sentimita 60. Ikate mbele ya wanafunzi na uwaache waitandaze wenyewe, kwani katika madarasa yetu mengi itapita mlangoni na kutokea barazani. Jenomu ya virusi vya aina B ina herufi zipatazo 3,200, basi kata mita 3 na sentimita 20 na uzifunge ncha zake ziwe duara, kwa kuwa DNA ya virusi hivyo ni ya mviringo. Aina D, ambayo haiwezi kuenea bila kuazima ganda la aina B, ni duara dogo la RNA lenye herufi zipatazo 1,700, na linakutosha mita 1 na sentimita 70. Kipande hicho cha mwisho kiweke kando, hatutakitumia leo ila kwa kulinganisha urefu.

Sasa kata uzi mwekundu vipande vya milimita 22. Hiyo ndiyo miR-122, RNA ndogo tunayoizungumzia. Ni fupi kuliko korosho isiyobanguliwa. Mpe kila mwanafunzi kipande kimoja akishike kiganjani huku akiitazama ile kamba inayopotelea barazani, na umwache akae kimya na tofauti hiyo kwa muda kabla hujasema neno. Nimeona mara nyingi kwamba somo huanza kuingia hapo.

Kazi ya kawaida ya RNA ndogo

Kabla ya kugusa virusi, wanafunzi lazima wajue RNA ndogo hufanya nini katika seli yenye afya. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans, walionyesha kwamba RNA fupi isiyobeba maelekezo ya kutengeneza protini yoyote inaweza kuinyamazisha RNA mjumbe ya jeni nyingine, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili protini itengenezwe, na kazi hiyo ikawapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024. RNA ndogo haifanyi kazi peke yake. Hubebwa na protini iitwayo Argonauti, nasi tutaiwakilisha kwa kibanio cha nguo: uweke uzi mwekundu katikati ya meno ya kibanio, na hicho kibanio chenye uzi ndicho kinachozunguka ndani ya seli kikitafuta RNA mjumbe yenye herufi zinazolingana. Kwa kawaida kikiipata hukaa kwenye mkia wake, upande wa ncha ya 3′, baada ya maelekezo ya protini kwisha, na kukaa hapo huifanya RNA ile isisomwe sawasawa na kuvunjwa mapema. Kwa njia hiyo seli hupunguza protini fulani bila kuifunga jeni yenyewe.

Ini lina RNA ndogo za aina nyingi, ila miR-122 peke yake huchukua karibu asilimia 70 ya zote katika ini la mtu mzima, na seli moja huwa na makumi ya maelfu ya nakala zake. Nje ya ini ni adimu sana. Husimamia, pamoja na mambo mengine, jeni zinazohusika na mafuta na kolesteroli. Sisitiza wingi huo, kwa sababu bila kuufahamu mwanafunzi hataelewa kwa nini virusi vinavyoishi ndani ya ini viwe na uhusiano na RNA hii badala ya nyingine.

Zoezi la herufi

Hapa ndipo penye moyo wa somo, na nakusihi usiparuke hata kama muda umebana. Andika ubaoni miR-122 kuanzia ncha ya 5′, yaani mwanzo wake:

UGGAGUGUGACAAUGGUGUUUG

Waambie wazihesabu herufi. Zikitimia 22, wapigie mstari herufi ya pili hadi ya nane: GGAGUGU. Sehemu hii huitwa mbegu, nayo ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa RNA ndogo itakaa wapi. Kisha, chini yake, andika herufi 43 za mwanzo za jenomu ya virusi vya aina C, jenotaipu (yaani kikundi cha kijeni) ya 1a, nazo pia kuanzia ncha ya 5′:

GCCAGCCCCCUGAUGGGGGCGACACUCCACCAUGAAUCACUCC

Kazi ya wanafunzi ni kutafuta mahali ambapo mbegu inaweza kukaa, wakikumbuka kwamba A huoana na U, na G huoana na C, na kwamba nyuzi mbili zinazooana hutazamana kinyume, mwanzo wa mmoja ukiwa kwenye mwisho wa mwenzake. Mara ya kwanza kufundisha zoezi hili mimi mwenyewe nilisahau kuwaambia waigeuze mbegu, na darasa zima likahangaika kwa nusu saa likitafuta CCUCACA, mfuatano ambao haumo. Kwa hiyo waelekeze kwanza waigeuze GGAGUGU iwe UGUGAGG, ndipo waandike mwenzi wa kila herufi, wapate ACACUCC. Wakirudi kwenye mfuatano wa virusi wataiona ACACUCC kuanzia herufi ya 22 hadi ya 28. Usiwaruhusu wafunge madaftari. Waambie watafute tena, kwa sababu kipo kiti cha pili kinachooana na herufi sita za mbegu, CACUCC, kuanzia herufi ya 38 hadi ya 43.

Sasa nendeni kwenye kamba ndefu. Tieni alama ya wino milimita 22 na milimita 38 kutoka ncha ya mwanzo, kisha mbane vibanio viwili hapo, kila kimoja na uzi wake mwekundu. Vibanio vitasongamana, na hilo ni sawa, kwani vibanio vyetu havikukatwa kwa kipimo. Mwanafunzi akisimama kando ya kamba ya zaidi ya mita tisa na kuona kwamba vibanio vyote viwili vimekaa katika sentimita tano za kwanza kabisa, atauliza mwenyewe swali linalotakiwa: mbona hapa vimekaa mwanzoni, wakati tuliambiwa hukaa mkiani?

Kueleza kinachotokea kwenye ncha

Chukua kiberiti, sogea dirishani, na uunguze ncha moja ya kipande kilichobaki cha kamba. Nailoni inapoyeyuka hudondoka ikiwa ya moto, kwa hiyo ifanye kazi hii wewe mwenyewe, si mwanafunzi. Ncha iliyoungua hushikamana, na ncha isiyounguzwa ukiichezea kidogo hufumuka. Kila mtoto wa pwani amemwona mvuvi akifanya hivyo, na kila aliyesuka ukili anajua kwamba mkeka usiofungwa ncha hauchukui muda kuachana.

RNA mjumbe za seli zetu huwa na ncha iliyofungwa: kwenye mwanzo wake kuna kofia ya kikemia inayoizuia isitafunwe. RNA ya virusi vya aina C haina kofia hiyo. Ndani ya saitoplazimu kuna kimeng'enya kiitwacho Xrn1 ambacho hushika ncha ya 5′ iliyo wazi na kuila RNA herufi moja baada ya nyingine, na ndicho kingeifumua RNA ya virusi kuanzia mwanzo. miR-122 pamoja na Argonauti, zikikaa kwenye viti vile viwili, huifunika ncha hiyo na kukizuia kimeng'enya. Si hilo tu. Kukaa kwao hapo huisaidia RNA ya virusi kujikunja katika umbo linaloweza kuikaribisha ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, kwa kuwa virusi hivi, kwa kukosa kofia, huita ribosomu kwa njia yao wenyewe, kupitia umbo lililokunjwa lililo mbele tu ya viti hivyo. Ukiwa na muda mfupi, fundisha lile la ncha kwa ukamilifu na hili la umbo ulitaje kwa sentensi moja.

Ndiyo maana lile la askari na adui halina nafasi. RNA ndogo ileile, na protini ileile iliyoibeba, ikikaa mkiani huleta ukimya na ikikaa kwenye ncha hii ya mwanzo huleta ulinzi. Ini halikubali wala halikatai kitu chochote. Virusi vilivyokuwa na herufi zile mwanzoni mwa jenomu yao ndivyo vilivyoendelea kuzaana.

Kuwafundisha kudai ushahidi

Mwanafunzi mzuri atauliza wanasayansi walijuaje, na ni wajibu wetu kumjibu kwa majaribio badala ya kumwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Mwaka 2005 Catherine Jopling, Peter Sarnow na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitangaza kwamba miR-122 ikifungwa ndani ya seli zenye RNA ya virusi vya aina C, kiasi cha RNA hiyo hushuka sana. Walitazama pia seli za aina mbili zinazokuzwa maabara, zote zilizotokana na uvimbe wa ini: Huh7, ambazo zina miR-122 na huiruhusu RNA ya virusi kuongezeka, na HepG2, ambazo karibu hazina.

Hata hivyo, jaribio ninalolipenda kuliko yote ni lile la kubadili herufi, na linaweza kurudiwa ubaoni. Badilisha C ya 27 na C ya 42 katika mfuatano wa virusi ziwe G. Viti vyote viwili vimeharibika, na virusi vya namna hiyo hushindwa kuongezeka. Sasa uliza: tubadilishe herufi gani ya miR-122 ili ikae tena? Waache wahangaike. Jibu ni herufi ya tatu, G, iwe C. Watafiti walipotia ndani ya seli miR-122 iliyobadilishwa ili ilingane na virusi vilivyobadilishwa, RNA ya virusi ilirudi kuongezeka. Mweleze mwanafunzi uzito wa jambo hilo: kufunga RNA ndogo peke yake kungeweza kudhuru seli kwa njia nyingine na kuwahadaa watafiti, lakini kuharibu na kisha kutengeneza kwa herufi moja kunathibitisha kwamba mkutano wenyewe wa herufi ndio unaofanya kazi. Darasani kwangu nimeona wanafunzi wakipiga makofi jibu hili linapotoka kwa mwenzao.

Ukitaka kuonyesha kwamba maarifa haya yalifika hadi kwa wagonjwa, kata kipande cha uzi wa rangi nyingine cha milimita 15. Huo ndio urefu wa dawa ya majaribio iliyoitwa miravirsen, kipande cha asidi nukleiki kilichotengenezwa ili kioane na miR-122 na kuishika isiende popote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalihusu wagonjwa 36 wa homa ya ini aina C. Waliopewa dawa walichomwa sindano moja kwa wiki kwa wiki tano, na RNA ya virusi katika damu yao ilishuka kadiri kipimo cha dawa kilivyoongezwa, hata ikawa haionekani kabisa kwa wagonjwa wanne wa kundi la kipimo cha juu kati ya tisa. Dawa hiyo haikufika hospitalini. Vidonge vinavyoshambulia protini za virusi vyenyewe vilikuja wakati uleule, na leo huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa kwa wiki 8 hadi 12. Ipo pia sababu ya kuwa na tahadhari: panya walioondolewa miR-122, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2012, walipata mafuta kwenye ini, makovu, na hatimaye saratani.

Kugeukia aina B

Kipindi cha pili kianze na lile duara la mita 3 na sentimita 20. Virusi vya aina B, ambavyo Baruch Blumberg alianza kuviona katika damu miaka ya 1960 na kutunukiwa Nobel mwaka 1976, ni vya ukoo tofauti kabisa na aina C, ingawa jina la ugonjwa ni moja. DNA yao huingia ndani ya kiini cha seli, ikakamilishwa kuwa duara lililofungwa, na kutoka kwenye duara hilo RNA hunakiliwa kwa miaka mingi. Weka duara ndani ya beseni, liwe kiini, na utoe nje vipande vya uzi kuwakilisha RNA zake.

Hapa miR-122 hufanya kazi ya upande wa pili: huvizuia virusi. Tafiti za seli zimeonyesha njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, kwa RNA ndogo kuoana na RNA ya virusi na kuipunguza. Ya pili ni ya mzunguko, na huwafaa wanafunzi waliokwisha kusoma mada ya saratani: miR-122 hupunguza protini iitwayo saiklini G1, saiklini G1 ikiwa nyingi huishika protini p53, na p53 ikiwa huru huzuia unakilishaji wa jeni za virusi vya aina B. Chora mishale mitatu ubaoni na umtake mwanafunzi aeleze nini hutokea miR-122 ikipungua. Akifuata mishale kwa utulivu atafika mwenyewe kwenye jibu kwamba virusi huongezeka. Na kweli, katika ini la wagonjwa wa aina B, miR-122 imekutwa ikiwa imepungua.

Imepunguaje? Sehemu moja ya jibu ni ya sifongo. RNA za virusi zikiwa nyingi, na kila moja ikiwa na mahali pa kukalia miR-122, huzifyonza nakala za RNA ndogo kama sifongo linavyofyonza maji, na zile RNA mjumbe za seli zilizokuwa zikinyamazishwa hubaki huru. Onyesha hivi: mbane vibanio vyote kumi kwenye nyuzi za virusi, kisha umwombe mwanafunzi akutafutie kimoja cha kubana RNA ya seli. Hatakipata. Aina C nayo imeonyeshwa kufanya hivyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, na kwa hiyo virusi viwili vyenye uhusiano wa kinyume na RNA ileile vinaweza vyote kuliacha ini likiwa na upungufu wa RNA hiyo. Mkumbushe mwanafunzi wale panya wa mwaka 2012.

Maswali yatakayokuja, na namna ya kuyapima

Somo hili halitabaki kwenye kamba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini aina B na milioni 50 na aina C, kwa hiyo katika darasa lolote huenda yumo mwenye mgonjwa nyumbani, naye atauliza kwa sauti ya chini baada ya kipindi. Mjibu kwa upole na kwa usahihi. Aina B na C huenea kwa damu na majimaji ya mwili, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kula sahani moja au kushikana mikono hakuambukizi. Aina B ina chanjo, ambayo watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na ina dawa za kuvituliza virusi. Aina C haina chanjo lakini ina dawa za kuponya. Hakuna kidonge cha miR-122 cha kununua dukani, na atakayemuuzia mtu kitu cha jina hilo anamwibia. Kwa vipimo na ushauri mwelekeze hospitalini, iwe Ligula kwa hapa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Na umsahihishe anayechanganya homa ya ini na homa ya manjano, ambayo huletwa na virusi vingine na kuenezwa na mbu, hata kama macho huweza kugeuka rangi katika zote mbili.

Kupima uelewa, mimi sitoi swali la kutaja. Nampa mwanafunzi kamba mbili, vibanio vitatu na kipande kimoja cha karatasi, na kumtaka aeleze kwa kuonyesha kwa nini kuifunga miR-122 kungempa nafuu mgonjwa wa aina C lakini kungeweza kumletea shida mgonjwa wa aina B. Anayebana kibanio kwenye ncha ya mwanzo ya kamba ya aina C na kutaja kimeng'enya kinachofumua amepata nusu. Anayeongeza mishale mitatu ya aina B amepata robo nyingine. Robo ya mwisho naiweka kwa yule atakayeuliza, kabla sijamuuliza, mgonjwa mwenye virusi vyote viwili kwa pamoja angefanywaje.